Ardhi ya Wanisga'a Haikuwa Zawadi

Wako wasemao kwamba serikali ya Kanada iliwapa Wanisga'a ardhi. Usemi huo twaukataa. Mtu hapewi kilicho chake. Na mkataba ulioanza kutumika tarehe 11 Mei, 2000, katika bonde la mto Nass, kaskazini-magharibi ya jimbo la British Columbia, ulikuwa mwisho wa madai ya zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1887 machifu wao walisafiri hadi Victoria, makao makuu ya jimbo, kudai mkataba na haki ya kujitawala. Wakarudishwa mikono mitupu. Mwaka 1913 walipeleka hati ya madai London, kwa Baraza la Mfalme, nayo haikuzaa kitu. Kisha mwaka 1927 Bunge la Kanada likatunga sheria ya ajabu: ikawa ni kosa kuchangisha fedha za kudai ardhi ya wenyeji pasipo idhini ya serikali. Yaani aliyenyang'anywa shamba akatazwe hata kumlipa wakili! Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1951. Twaitaja kwa sababu wako waulizao kwa nini watu hawa walinyamaza muda mrefu. Hawakunyamaza, walizibwa midomo.

Frank Calder, aliyechaguliwa mwaka 1949 kuwa mwenyeji wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hilo, alifungua kesi pamoja na wenzake mwaka 1967. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mwaka 1973. Kwa hesabu ya kura walishindwa: majaji watatu walisema haki yao ingali hai, watatu wakasema ilikwisha kufutwa, na wa saba akaitupa kesi kwa sababu ya utaratibu tu. Lakini sita kati ya hao saba walikiri kwamba haki hiyo ilikuwapo kabla ya Mzungu kufika. Yafaa msomaji wa Afrika ajue kwamba Jaji Emmett Hall, alipowaunga mkono Wanisga'a, alitegemea pia hukumu ya mwaka 1921 katika kesi ya Amodu Tijani, chifu wa Lagos, aliyeidai serikali ya kikoloni fidia ya ardhi ya watu wake. Hivyo neno lililotolewa kwa ajili ya Lagos likawafaa wavuvi wa mto Nass.

Serikali kuu ilianza mazungumzo mwaka 1976. Jimbo lenyewe, ambalo ndilo lililokuwa likijiita mwenye ardhi, halikukubali kuketi mezani hadi mwaka 1990.

Je, walipata nini? Kilomita za mraba zipatazo 2,000, fungu la samaki wa samoni, dola milioni 190, na serikali yao wenyewe. Nao walitoa nini? Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nchi waliyodai, na msamaha wa kodi waliokuwa nao zamani. Bei hiyo ni kubwa mno, wala hatuwalaumu Wanisga'a waliopiga kura ya kuukataa mkataba. Hata hivyo kiongozi wa upinzani wa jimbo, Gordon Campbell, aliona wamepata kupita kiasi, akaenda mahakamani kuupinga. Akashindwa mwaka 2000.

Kwa maoni yetu, kilicho kikubwa si fedha. Ni kwamba katika mambo ya lugha, mila na ardhi yao, sheria ya Wanisga'a ikigongana na ya jimbo au ya Kanada, ya Wanisga'a ndiyo ishikayo.

Mwaka 2014 Watsilhqot'in wa jimbo hilo hilo walishinda mahakamani, wakatambuliwa kuwa wenye zaidi ya kilomita za mraba 1,700, bila ya kuuza sehemu yoyote kwa mkataba. Wenyeji wengine wa British Columbia wangali katika mazungumzo yaliyoanza miaka ya 1990. Serikali isiwaambie tena kwamba fungu dogo ndilo pekee liwezekanalo.