Si Uzee Tu: Tuzitazame Figo za Wazee Wetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, wiki hii naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Mama yangu mzazi alikuwa akilalamikia magoti. Kila sijida kwake ilikuwa mashaka. Nami, kwa kudhani ninamtendea wema, nilikuwa nikipita duka la dawa nikamnunulia vidonge vya maumivu bila ya kuandikiwa na daktari. Akimeza, akipata nafuu, akiniombea dua. Ikapita miezi. Makubadhi yakaanza kumkaza, na uso ukawa umemjaa kila alfajiri. Tukimwuliza hujibu, "Ni uzee huu, mwanangu." Nasi tukaridhika. Mke wangu ndiye aliyegundua, alipokuwa akimsaidia chooni, kwamba mkojo una povu jingi mfano wa sabuni. Hospitali akapimwa mkojo, damu na presha. Kisha daktari akauliza, "Bibi anatumia dawa gani?" Nikainamisha kichwa. Figo zilikuwa zimevimba, na sababu ni vile vidonge vyangu.

Mwenyezi Mungu ameijaalia kila figo vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja, visafishavyo damu usiku na mchana. Vikivimba, huvujisha kilichopasa kubaki: protini, ndiyo lile povu, au damu, mkojo ukafanana na chai ya rangi. Maji nayo hubaki mwilini, miguu ikavimba na presha ikapanda. Kwa mzee, figo zimekwisha punguza nguvu tangu hapo, na aghalabu hapana maumivu ya kumzindua. Kuna aina ya maradhi haya iharibuyo figo katika muda wa wiki chache tu.

Sababu ni nyingi. Mara kinga ya mwili hugeuka ikazishambulia figo zenyewe. Mara ni maambukizi yapandayo kutoka kibofuni, hasa kwa mzee wa kiume aliyezibwa na tezi dume. Na huenda dalili ya kwanza isiwe homa, bali kuchanganyikiwa kwa ghafla. Na mara ni dawa: diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake, na hata baadhi ya dawa za kuua vijidudu na za kupunguza asidi ya tumbo. Mwenye presha au sukari ana hatari zaidi. Basi msinunue kiholela, wala msimwachishe mzee dawa alizoandikiwa bila ya kumwuliza daktari. Mkienda hospitali, chukueni dawa zote anazotumia, na mitishamba pia, mumwoneshe.

Najua kizuizi kikubwa ni haya. Baba mkwe hawezi kumwambia mke wa mwanawe habari za mkojo. Basi mwana wa kiume na amwulize babake faraghani, na binti amwulize mamake. Haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili itudhuru. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kutafuta matibabu.

Na Ramadhani ikifika, mzee ambaye daktari mwaminifu amemkataza kufunga asilazimishe nafsi yake. Qur'ani imemruhusu mgonjwa kula. Mwenye kutarajiwa kupona atalipa baadaye. Asiyetarajiwa atatoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Kuipokea ruhusa ya Mola si udhaifu wa dini.

Mama yangu, alhamdulillahi, aliachishwa vile vidonge, akatibiwa, na uvimbe ukashuka. Siku hizi huswali akiwa amekaa kitini. Nami kila Ijumaa huitazama miguu yake kabla sijambusu mkono.

Ewe Mola, wape afya wazazi wetu, na uwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.