Leza si muujiza: macho yapimwe kwanza

TANGU mwanzo wa uhuru, Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Katika suala la macho, maadui hao hushambulia kwa pamoja. Mkulima wa Laela asiyeweza kuchagua mbegu zake, na mwanafunzi wa Namanyere ambaye ubao kwake ni ukungu mtupu, ni nguvu kazi inayopotea.

Siku hizi sifa za upasuaji wa macho kwa leza zimefika kila mahali. Si ajabu mwananchi wa Ufipa akafikiria kuuza maksai wake ili aufuate katika miji mikubwa. Kabla hajafika mnadani, hana budi aelezwe ukweli.

Leza, ambayo ilianza kutumika kwa kazi hii katika miaka ya 1980, huchonga upya konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, ili mtu asiyeona mbali apunguze au aache kutegemea miwani. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, naye hubaki macho. Kazi yenyewe ni ya dakika chache tu. Baadaye jicho huwasha na kutoa machozi kwa saa kadhaa. Wengi huona vizuri baada ya siku moja au chache, lakini ukavu wa macho na duara za mwanga kuzunguka taa usiku huweza kudumu kwa miezi. Kusugua jicho ni mwiko, na vumbi ni adui. Anayejua pepo za kiangazi za Sumbawanga ataelewa uzito wa sharti hilo.

Tena si kila mtu anayefaa. Kijana aliye chini ya miaka 18, mtu ambaye kipimo cha miwani yake bado kinabadilika, mwenye konea nyembamba, mama mjamzito au anayenyonyesha, wote huambiwa wasubiri au waache kabisa. Daktari anayemkataa mtu baada ya kumpima hamnyimi haki yake, anamlinda.

La muhimu zaidi ni kwamba leza hii haitibu kila ugonjwa wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mwingine, ambapo lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Trakoma hupigwa vita kwa dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira; kope zikigeukia ndani, hurekebishwa kwa upasuaji. Na aliyepita miaka 40, hata akichongwa konea, bado huenda akahitaji miwani ya kusomea. Mzee atakayeuza maksai kufuata leza, kumbe ana mtoto wa jicho, atarudi hana maksai wala nuru.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kupima. Mwalimu amtazame mwanafunzi anayekodoa macho au anayenakili kwa jirani yake badala ya ubaoni, asiharakishe kumwita mzembe. Mzazi asimcheke mtoto aliyevaa miwani. Viongozi wa mkoa na wilaya wahakikishe kwamba upimaji wa macho unafika shuleni na vijijini, na kwamba miwani inapatikana kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haitakuwa na maana kwa asiyeona ikiwa huduma za macho zitaishia mijini.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Wito huo haujapitwa na wakati. Itupwe imani kwamba upofu ni kazi ya walozi. Itupwe pia imani kwamba mashine moja ya mjini ni dawa ya kila jicho. Macho yapimwe kwanza; tiba itafuata.