Kitabu cha zamani si lazima kiwe huru

Ami yangu sukari imemuondolea uoni. Mwezi uliopita aliniuliza, "Mwanangu, vile vitabu vya Sheikh Al-Amin Mazrui, hakuna njia nikavisikiliza?" Vijana wa mtaani petu walikuwa wameanza kuvipiga skani ili kompyuta ivisome kwa sauti. Wakaambiwa, "Mutashtakiwa." Mashine imefunikwa kitambaa hadi leo.

Naona woga huu unatokana na kuchanganya maswali mawili.

La kwanza: je, hakimiliki imekwisha? Kwa sheria ya Kenya, haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Sheikh Al-Amin alifariki 1947, basi haki ya maandishi yake ilikoma mwisho wa 1997. Shaaban Robert alifariki 1962. Yake hapa kwetu ilikoma 2012. Kinachohesabiwa ni kifo cha mwandishi, si uchakavu wa karatasi. Tena kitabu kimoja huweza kuwa na wenyewe kadhaa. Utenzi wa Mwana Kupona ni wa karne ya 19 na hauna wa kuudai, lakini utangulizi na tafsiri ya mhariri wa juzi zina haki zake mbali. Kwa hivyo andika majina yote yaliyomo kitabuni, kisha uliza kila mmoja alifariki lini.

La pili: msomaji ni nani? Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na marekebisho ya sheria ya 2019 yakaufuata. Taasisi inayotambuliwa, isiyotafuta faida, inaweza kukigeuza kitabu ilichokipata kihalali kiwe sauti au nukta nundu bila kumuomba mwandishi idhini, mradi kiwafikie wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, hao tu.

Wako wasemao elimu haiuzwi, basi vyote viwekwe kwenye intaneti. Hapo siafiki. Tunao washairi hai Mombasa na Lamu ambao kitabu ndicho jasho lao. Kumsomea kipofu ni haki. Kumgawia kila mtu mali ya mwenyewe bila kumuuliza ni kuvunja amana.

Ushauri wangu kwa vijana: vya Sheikh Al-Amin endeleeni navyo, muyaache maelezo ya wahariri walio hai. Kwa vilivyobaki, nendeni Bodi ya Hakimiliki mukaulize, na mushirikiane na taasisi ya wasioona. Ami anangoja, na umri haungoji.