Hesabu ya Jumapili: Kauli Haitoshi Bila Ushahidi

Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Leo tuitazame iliyo kubwa. Chukua mbili 127, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jawabu lina tarakimu 39:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitangaza kwamba namba hii ni tasa, lakini hakutoa ushahidi. Kujaribu kigawanyo kimoja kimoja hakufai kitu: hata ungejaribu kimoja kila sekunde, miaka bilioni moja isingekutosha.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, mwaka 1876. Chukueni kalamu pamoja na watoto, muijaribu njia yake kwa namba ndogo ya 127, ambayo ni mbili 7 zilizozidishwa pamoja, kisha ikatolewa 1.

Anzeni na 3. Izidisheni kwa yenyewe, toeni 2: mnapata 7. Fanyeni vivyo hivyo kwa 7: mnapata 47. Kwa 47 mnapata 2,207; gawanyeni kwa 127, baki ni 48. Kwa 48 mnapata 2,302. Gawanyeni, baki ni 16. Kwa 16 mnapata 254, yaani 127 mara mbili kamili. Baki ni sifuri, basi 127 ni tasa.

Mbili zilikuwa 7, hatua zikawa 5. Kwa mbili 127 hatua ni 125, na Lucas alizihesabu kwa mkono. Mwisho wake akakuta sifuri. Hadi mwaka 1951 haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lakini katika orodha ile ile ya Mersenne ilikuwamo namba ya mbili 67. Lucas alionyesha kuwa hiyo si tasa, ingawa hakuvipata vigawanyo vyake. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alivitoa hadharani: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Msemaji alikuwa mmoja na orodha moja. Kauli moja ikasimama, nyingine ikaanguka. Heshima ya msemaji haikuweza kuzitenganisha. Hesabu ndiyo iliyozitenganisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kauli ni vivyo hivyo.

Zoezi la nyumbani: mbili 11 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa 1, hupatikana 2,047. Anzeni tena na 3. Je, hatua ya 9 itafika sifuri? Mkishamaliza, jaribuni kuigawanya 2,047 kwa 23.