Barabara ya Garissa iinuliwe kabla ya mafuriko mengine

Mvua ya El Nino ya Novemba 2023 ilipofurisha Mto Tana, barabara ya Nairobi-Garissa ilifunikwa na maji karibu na Madogo na uchukuzi ukakwama. Maji yalipopungua, magari yalirejea. Aprili 2024 barabara hiyo ilifurika tena. Wasafiri wakalazimika kuvuka kwa mashua, na Aprili 28 mojawapo ikapinduka, watu kadhaa wakafariki.

Kuziba mashimo na kumwaga kifusi kila maji yanapoondoka ni kuahirisha maafa tu. Hapo ni uwanda wa mafuriko, hivyo mto utarejea. Panahitajika tuta la juu na makalavati mapana ya kupitisha maji. Gharama yake ni kubwa, lakini kwa sasa anayeilipa ni msafiri.