Mwanafunzi Akichambua Serikali

Wanaotetea masaibu ya *Echoes of War* wana wimbo mmoja: wanafunzi walilishwa maneno na mwanasiasa. Haya, tuseme ni kweli. Tamthilia iliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta. Lakini tangu lini dawa ya maneno ikawa vitoa machozi?

Tukumbushane. Aprili 2025, Mahakama Kuu iliamuru wasichana wa Butere waruhusiwe kushiriki tamasha la kitaifa la maigizo. Siku ilipofika kule Nakuru, Malala alikuwa mikononi mwa polisi na watu wamefukuzwa kwa vitoa machozi. Wasichana waliingia ukumbini, hawakukuta watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Mstari huo hawakuandikiwa na mtu.

Shule hiyohiyo iliyapitia haya mwaka 2013 na *Shackles of Doom*, mpaka mahakama ikaingilia kati. Na mwaka 1977, kabla wazazi wa wengi wao kuzaliwa, *Ngaahika Ndeenda* ilinyang'anywa kibali, Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kesi.

Mimi huandika uhakiki, na kinachoniuma ni hiki: wamewapora watazamaji hata haki ya kuuchukia mchezo. Pengine ni mbovu. Pengine ni propaganda tupu. Si waachwe waone, wabishane bwenini usiku, wabadili mawazo asubuhi? Maoni hujengwa hivyo.

Shuleni tunampa mwanafunzi maksi akichambua dhuluma katika riwaya. Akiichambua nje ya karatasi ya mtihani, tunamwitia polisi. Sasa hapo nani amelishwa maneno?