Barabara Isiishie Mjini



Juma hili twapenda kupinga hoja moja iliyozoeleka mno hata haitushtui tena. Husikika vikaoni, na husikika hata nje ya kanisa baada ya Misa: "Kule milimani magari ni machache, barabara nzuri ya nini?" Hilo ndilo jibu wanalopewa ndugu zetu wa Mwese na vijiji vingine vya milimani, Wilaya ya Tanganyika, wanapolalamika kwamba mvua zikianza, njia yao ya kuja Mpanda hugeuka tope.

Hatudharau yaliyokwisha kutendeka. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 340, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeutoa mkoa wetu katika upweke wa miaka mingi. Lakini lami hiyo humpokea mtu akiwa amekwisha kufika mjini. Ni nani atakayemfikisha?

Kuhesabu magari ni kumhukumu mtu kwa kosa lisilo lake. Magari hayaendi kwa kuwa njia ni mbovu. Kisha njia haitengenezwi kwa kuwa magari hayaendi. Katika hesabu hiyo, mama mwenye uchungu wa kuzaa anayebebwa kwa pikipiki usiku hayumo. Mwanafunzi aendaye kwa miguu hayumo. Wala halimo gunia la mahindi lililouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi aliyethubutu kupanda mlima alikuwa mmoja tu.

Tuikumbuke historia yetu wenyewe. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, takribani kilomita 210, ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Watu hawakuwa sababu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Je, reli ilikosa kazi? La hasha! Iliendelea kubeba abiria na mazao, mizigo ambayo haikuwa shabaha ya walioichora. Njia ilipokuwapo, wasafiri walionekana.

Wako wanaosema kwamba barabara itawafungulia misitu wakata mbao na wachoma mkaa. Hofu hiyo ni ya haki, nasi twaiheshimu. Lakini tuwatazame wanaoilinda misitu hiyo. Vijiji vinane vya wilaya hiyo, Mwese, Katuma na Lugonesi vikiwamo, vinahifadhi misitu ya milima ya Ntakata na kupata fedha za biashara ya hewa ya ukaa. Kwa fedha hizo vimejenga madarasa na zahanati. Mwizi wa mbao hangoji changarawe, hupita popote. Wanaoihitaji njia ni walinzi wa kijiji, mwalimu, mganga na dawa zake. Zahanati isiyofikiwa na dawa ni kuta tu.

Tena, Mto Katuma hutoka huko milimani, ukanywesha mashamba ya mpunga, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi waliko viboko. Maji hayo hayakutuuliza tuna magari mangapi kabla ya kututeremkia.

Mwaka 1967, katika waraka wake Populorum Progressio, Papa Paulo VI alifundisha kwamba maendeleo ya kweli sharti yamguse kila mtu, na mtu katika ukamilifu wake. Maneno "kila mtu" hayana kipeo cha mwinuko. Hayaishii pale mlima unapoanza.

Hatudai lami mlangoni pa kila nyumba. Twadai changarawe iliyoshindiliwa, mitaro, makalavati, na madaraja yasiyosombwa na mafuriko, na fedha za kuyatunza kila mwaka katika bajeti za TANROADS na TARURA. Hayo yawezekana.

Basi, wapendwa, wengi wenu ni madiwani, wenyeviti wa vijiji, wahandisi, wafanyabiashara. Msiache imani yenu mlangoni pa ukumbi wa kikao. Mtu akiuliza tena huko milimani kuna magari mangapi, mjibuni kwa kutaja idadi ya watoto, ya wajawazito na ya wakulima. Nanyi mnaonunua mahindi na maharage yao, walipeni bei ya haki tangu sasa, kabla hata greda halijafika.

Mungu awabariki.